Mfupa Umeunga, Lakini Mguu Bado

Ndugu msomaji, mbwa wako amegongwa na pikipiki barabarani. Hakufa. Amejikokota mpaka uani, amelala chini ya ghala, na mguu mmoja wa nyuma unaning'inia. Utafanya nini?

Wengi wetu jibu letu ni moja. Tunatafuta kamba au rungu, tunawaita vijana wawili, na mbwa anapelekwa porini. Tunasema tumempunguzia mateso. Usiku wa tatu fisi anaingia zizini, na hakuna wa kubweka.

Mimi ni bwana shamba. Siku hizi tunaitwa maofisa ugani, lakini kijijini kwangu bado naitwa bwana shamba, na jina hilo halinichukizi. Cheti changu ni cha kilimo. Mtama, mahindi na alizeti nimesomea. Haya nitakayokueleza leo sikuyasoma chuoni. Nimefundishwa na bwana mifugo wa kata yetu, tena nimeyaona kwa macho yangu kwa mbwa wawili. Mmoja alipona. Mwingine alikuwa wangu.

Nianze na wangu. Alipigwa teke na punda, akavunjika mfupa wa mguu wa nyuma, chini ya goti. Bwana mifugo alimfunga mabanzi akaniambia, "Nimwone kila wiki." Mimi nilikuwa na kazi nyingi, msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Nikajiambia kwamba mguu ukifungwa muda mrefu ndiyo utapona zaidi. Nilimfunga mbwa kwa mnyororo chini ya mwembe, na mabanzi yake mguuni, miezi mitatu. Nilipoyatoa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri kabisa. Lakini paja lilikuwa limekonda kama mpini wa jembe, na goti lilikataa kukunja. Halikukunja tena mpaka alipokufa. Kosa lilikuwa langu, si la punda wala la bwana mifugo.

Kwa nini mguu hukauka

Umepata kumwona mtu aliyetolewa plasta hospitali? Mguu wake ni mwembamba, ngozi imekauka, naye anaogopa kuukanyagia. Mfupa umepona, lakini kutembea bado. Ndiyo maana hospitali haimwachi hivi hivi. Yuko mtaalamu anayemfundisha mazoezi ya viungo: kunja, nyoosha, simama, tembea.

Mwili wa mbwa hauna tofauti. Misuli isiyofanya kazi huanza kupungua katika siku chache tu. Kiungo kisichokunjwa hukaza. Ukiacha bawaba ya mlango miezi mitatu bila kuufungua, unajua mwenyewe itakavyokuwa. Tena mbwa ana jambo moja ambalo binadamu hana. Yeye ana miguu minne. Mmoja ukiuma, anaunyanyua na kukimbia kwa mitatu. Huzoea upesi sana. Akishazoea, hataushusha ule wa nne hata kama maumivu yamekwisha. Lazima afundishwe upya.

Huko Ulaya na Marekani ziko hospitali za wanyama ambamo mbwa hutembezwa ndani ya tangi la maji, juu ya mkanda unaozunguka. Maji yakimfika nyongani, miguu yake hubeba chini ya nusu ya uzito wa mwili, kwa hiyo hutembea bila kuumia. Sisi tangi hilo hatuna. Lakini kazi nyingine zote zinazofanyika mle ndani hufanywa kwa mikono, na mikono tunayo.

Kabla hujamshika

Hapa soma polepole, tafadhali. Kama hukuona ajali, na mbwa ameanza tu kulegea miguu, usimguse. Kichaa cha mbwa hakiji kila mara kwa ukali. Mara nyingine mbwa hupooza, taya hulegea, mate humtoka, na sauti hubadilika. Mwite bwana mifugo, zuia watoto, usimfungue mdomo kutazama kama amekwama mfupa kooni. Na kama mbwa yeyote amekuuma au mate yake yameingia kwenye jeraha, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Kama ulimwona akigongwa, na alikwisha kuchanjwa, bado kuwa mwangalifu. Mbwa mwenye maumivu humwuma hata anayemlisha. Mfunge mdomo kwa kitambaa, ila usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida. Mwingize taratibu juu ya ubao au gunia, mmbebe watu wawili. Usimvute mguu "kuunyoosha". Kama umevunjika pajani, juu ya goti, usifunge kitu. Mabanzi ya pale hayashiki, yanaongeza uzito tu kwenye mvunjiko. Mlaze mahali padogo, mwite bwana mifugo.

Na dawa? Usimpe mbwa dawa zetu za maumivu za dukani. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo sisi tunameza kwa mgongo na meno, humchoma mbwa tumbo na kumharibu figo. Nimesikia watu wakisema walimpa mbwa "kidonge kimoja tu". Kimoja chetu kwake ni kingi.

Mbwa wa mzee

Sasa nikupeleke kwa mzee mmoja, jirani yangu wa mtaa wa pili. Ana mbuzi, ana mjukuu wa darasa la tano, na alikuwa na mbwa mmoja tu mwenye maana. Mbwa huyo aligongwa na bodaboda siku ya mnada. Nilipita pale kwa shughuli ya mbegu. Nikamkuta mzee amekaa kwenye kigoda, kamba iko miguuni pake, na mtoto analia nyuma ya jiko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bwana Shamba. Umekuta siku mbaya. Kamba ninayo, vijana nimewaita."

Nilimweleza habari ya mbwa wangu, yote, pamoja na upumbavu wangu. Mzee alicheka kidogo. Kisha akauliza swali la maana: "Itanigharimu nini?" Nikamwambia gharama ya bwana mifugo atakubaliana naye mwenyewe. Baada ya hapo ni mikono na muda, miezi minne hivi. Mtoto alikuwa amekwisha kuacha kulia, anasikiliza. Mzee akasema tumwite bwana mifugo kwanza, kamba haiozi.

Bwana mifugo alikuja jioni. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti, haukutoboa ngozi. Alimlaza kwa sindano, akaunyoosha, akaufunga kwa pamba nene na mabanzi ya mianzi, kuanzia juu ya goti hadi kwenye vidole. Mabanzi lazima yapite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mvunjiko, la sivyo ni pambo. Vidole viwili vya kati aliviacha nje makusudi. Mtoto alipewa kazi ya kuvitazama asubuhi na jioni. Vikivimba, vikiwa baridi, vikiachana, au bandeji ikinuka, aitwe mara moja. Mguu uliobanwa sana huoza ndani ya bandeji, na hapo hakuna mazoezi yatakayouokoa.

Siku tatu za kwanza, sehemu za mwili zilizovimba nje ya bandeji zilipozwa kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi, dakika 10 hadi 15 kwa mara moja. Baridi hupunguza uvimbe. Usikande kwa moto siku hizo, utaongeza uvimbe. Moto una wakati wake, unakuja.

Mtoto wa mbwa huunga mfupa kwa wiki tatu au nne. Mbwa mzima huchukua wiki sita hadi nane, mara nyingine zaidi. Huyu alichukua wiki saba. Kila wiki bwana mifugo alifungua, akatazama, akafunga upya. Chakula chake kiliongezwa dagaa wakavu, maana ugali mtupu hautengenezi mfupa. Ila hakushibishwa kupita kiasi. Mbwa mnene ni mzigo kwa mguu mgonjwa.

Mabanzi yalipotoka, mbwa akainuka, akatikisa masikio, akakimbia uani kwa miguu mitatu. Mzee alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

"Mmenidanganya. Wiki saba, na mguu ameutundika kama kuku wa sokoni."

Ndugu msomaji, hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Wanaona mbwa hautumii mguu, wanasema hakupona, wanamwacha. Lakini hapa ndipo kazi inapoanza.

Kazi ya mikono

Bwana mifugo alikaa chini na yule mtoto, akamwonyesha. Mbwa alilazwa ubavu, mguu mgonjwa ukiwa juu. Kwanza kitambaa kilichochovywa maji ya moto kikawekwa juu ya paja na goti, dakika 10. Maji yapimwe kwa kiwiko chako. Yakikuchoma wewe, yatamchoma yeye, naye hawezi kusema. Sasa mvunjiko umepona na uvimbe umekwisha, kwa hiyo moto unafaa. Hulainisha misuli kabla ya kuinyoosha.

Kisha kuchua. Anza kwenye vidole, panda juu kuelekea mwilini, kwa kiganja, bila kubinya. Dakika tano zinatosha.

Kisha kukunja na kunyoosha. Shika mguu kwa mikono miwili, mkono mmoja juu ya kiungo na mwingine chini yake. Kunja polepole mpaka unapohisi kunakaza. Hesabu moja, mbili, tatu. Nyoosha polepole. Fanya mara 10, vidole kwanza, kisha kifundo, goti na nyonga. Mara tatu kwa siku. Tazama kichwa cha mbwa muda wote. Akigeuka kukutazama mkono, au akikaza mwili, umefika mwisho wa leo. Usivuke hapo. Kesho mwisho utakuwa umesogea kidogo. Anayelazimisha huchana misuli, na mbwa atamkimbia kila akimwona.

Wiki ya pili wakaongeza kusimama. Walipitisha kanga kuukuu chini ya tumbo la mbwa, mbele ya miguu ya nyuma, mtoto akashika ncha zote mbili juu ya mgongo. Mbwa akasimama miguu minne, kanga ikibeba sehemu ya uzito. Mtoto akamsukuma nyonga taratibu, kulia, kushoto, kulia. Ili asianguke, mbwa alilazimika kukanyaga. Alikanyaga kwa ncha za vidole tu, lakini alikanyaga.

Halafu matembezi, na hapa kuna siri moja kubwa. Siri ni polepole. Mbwa akikimbia, anaunyanyua mguu. Akitembea haraka, anaunyanyua. Akitembea polepole sana, kama mtu anayesindikiza mgeni asiyetaka aondoke, hawezi kukaa kwa mitatu. Inabidi aushushe wa nne. Kwa hiyo afungwe kamba fupi, asiachwe huru kabisa wiki hizo, na mwenye kamba asiwe na haraka. Walianza dakika tano asubuhi na tano jioni. Kila wiki waliongeza dakika mbili tatu, kama siku iliyotangulia mbwa hakuchechemea zaidi. Akichechemea zaidi jioni kuliko asubuhi, ujue mmezidisha. Pumzisha siku moja, rudi nyuma kidogo.

Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika. Alijifunza kusoma ukubwani, na daftari lake la kisomo lilikuwa na kurasa tupu. Akachora mistari: tarehe, dakika, na maneno mawili kama "amekanyaga" au "amegoma". Tena mtoto alibuni kipimo kingine ambacho hata bwana mifugo alikisifu. Alichukua uzi, akazungusha paja zima, akafunga fundo. Akazungusha paja gonjwa mahali pale pale, akafunga fundo la pili. Nafasi kati ya mafundo ndiyo deni la mguu. Kila Jumapili alipima. Mafundo yalianza kukaribiana wiki ya tano.

Mchanga wa mto

Kwetu mto una maji miezi michache, kisha ni mchanga mtupu. Mchanga huo ni mali. Mbwa akitembea kwenye mchanga laini, kila hatua inamfanya anyanyue mguu vizuri na kusukuma kwa nguvu. Misuli inarudi. Walimpeleka huko kuanzia wiki ya nne, kabla jua halijawa kali, dakika chache tu kwanza, kwa sababu mchanga unachosha.

Mchanga una faida nyingine. Unaandika. Baada ya kupita, walirudi kutazama nyayo. Mguu mzima huacha alama ya kina, mguu unaoogopa huacha alama nyepesi. Siku za mwanzo alama ya mguu ule ilikuwa vitone viwili vya kucha. Mwishoni ilikuwa unyayo kamili.

Kama unakaa karibu na bahari, maji ya kina kidogo ni mazuri zaidi ya mchanga. Lakini usimwingize mtoto kwenye lambo au kijito kilichotuama kwa ajili ya mbwa. Huko kuna kichocho, na mahali pengine mamba. Hakuna mguu wa mbwa wenye thamani hiyo.

Kazi za mwisho zilikuwa kama mchezo. Walilaza fito tano chini, hatua moja moja, mbwa akavuka polepole, akilazimika kuinua kila mguu. Walimkalisha na kumsimamisha kwa tonge la ugali, mara tano, baadaye kumi. Mbwa alidhani anachezewa. Mtoto naye, nadhani, alidhani anacheza.

Wiki ya tisa baada ya kutoa mabanzi, aliachwa huru. Je, alipona kabisa? Hapana, sitakudanganya. Asubuhi za baridi bado anachechemea hatua chache mpaka mwili upate moto. Kumkimbiza sungura hawezi kama zamani. Lakini analizunguka zizi usiku kwa miguu minne, na fisi hajui kwamba mguu mmoja ni dhaifu.

Si kila mbwa ataokoka hivi. Mfupa ukitoka nje ya ngozi ukakaa siku kadhaa, nyama ikaoza, au mgongo ukavunjika na mkojo ukawa unamtoka bila kujua, mwulize bwana mifugo ukweli. Mara nyingine sindano ya kumlaza moja kwa moja ndiyo huruma. Rungu na kamba si huruma. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo inakataza kumtesa mnyama.

Huenda wewe hufugi mbwa. Kazi hizi si za mbwa peke yake. Ng'ombe aliyelala baada ya kuzaa, akashindwa kuinuka, naye huharibika misuli ya upande anaolalia kwa uzito wake mwenyewe. Wakati bwana mifugo anatafuta sababu, wewe mtandikie majani mengi makavu, mgeuze ubavu kila baada ya saa chache, usiku pia, na umchue miguu. Ng'ombe aliyeachwa upande mmoja siku nzima anaweza asisimame hata akitibiwa kilichomwangusha.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa yule mzee. Mbuzi wake alikuwa amezaa mtoto ambaye miguu yake ya mbele imekunjika kwenye vifundo, anatembelea magoti. Zamani mtoto wa mbuzi wa namna hiyo angechinjwa jioni ile. Nilimkuta mjukuu amekaa kivulini, mbuzi mapajani, ananyoosha mguu polepole na kuhesabu kwa sauti. Nilipomuuliza nani amemwagiza, alisema hakuna, lakini bwana mifugo ameshauona na kusema mishipa imekaza tu, mfupa ni mzima. Daftari lilikuwa wazi juu ya kigoda. Mzee alikuwa ameandika tarehe, "mara sita kwa siku", na chini yake, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika taratibu: "SIKU YA NNE. AMESIMAMA MGUU WA KUSHOTO."